Maskini Ukurasa wa Kwanza, Tajiri Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika. Karatasi moja, mhuri mmoja. Ofisi ya Ustawi wa Jamii inanikumbusha kwamba miaka miwili imepita tangu mimi na Mama Mtoto tukae mezani kwao, kwa hiyo pesa ya matunzo ya binti yetu inakadiriwa upya. Kila mzazi ajaze fomu. Kila mzazi afike Jumatatu ijayo, saa nne kamili asubuhi, bila kukosa. Hilo la "bila kukosa" wamelipigia mstari. Nani kawapa habari zangu?

Sasa daftari, haya ni yetu wawili. Watatu, maana Mungu naye anasoma. Kila mwezi natoa elfu sitini. Natoa kwa wakati. Jirani na wakati. Binti ana miaka kumi na mmoja. Analala kwangu Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada namrudisha kwa mama yake akiwa ameshiba na kazi za shule amemaliza. Siku zinazobaki nyumba yangu inakuwa kimya kama ndani ya kabati.

Nataka mambo mawili tu. Nilipe thelathini badala ya sitini. Na niongezewe usiku wa tatu. Nimeyaandika kwa wino ili Bwana asije akasema hakuona.

Nikaenda kutoa kopi ya fomu. Kosa! Duka la karibu la vifaa vya ofisi ni la Shemeji, kaka yake Mama Mtoto. Mtaa mzima tunamwita Kikokotoo, kwa sababu kile kimashine chake cha hesabu hakimtoki mkononi, nadhani hata kuoga anaoga nacho. Aliisoma fomu yangu bila kuombwa. Akanieleza kwa sauti mbele ya wateja watatu: wanachukua mahitaji ya mtoto kwa mwezi, ambayo ni laki moja na ishirini, wanayagawa kwa wazazi kwa kufuata kipato cha kila mmoja, mwenye kingi anabeba kingi. Kisha kwa kila usiku wa wiki ambao mtoto analala kwako unapunguziwa elfu nne. Basi shem, akasema, kaa mkao wa kulipa, dada yangu ana hati ya mshahara ya zahanati, wewe una nini? Una nyundo. Wateja wakacheka. Akanitoza kopi mbili. Nilitoa moja!

Jumanne, 4 Juni

Nimeitandaza fomu mezani baada ya sala ya asubuhi. Ina kurasa mbili, na aliyeitunga hakunitakia mema.

Ukurasa wa kwanza: Makadirio ya Kipato cha Mzazi. Hapa ukiwa maskini unalipa kidogo. Ukurasa wa pili: Mazingira ya Nyumbani kwa Mzazi. Hapa ukiwa na nyumba nzuri unapewa siku nyingi za kukaa na mtoto. Maana yake natakiwa niwe maskini upande huu, nigeuze karatasi, niwe tajiri upande ule. Na karatasi yenyewe nyembamba, upande mmoja unachungulia upande wa pili.

Nikaanza na kipato. Mimi ni fundi wa makochi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mwezi ukiwa mzuri, namshukuru Mungu. Mwezi ukiwa mbaya, namshukuru kwa sauti ya chini. Nikatafakari sana. Fomu haikusema "taja kipato". Imesema "kadiria". Na kukadiria si kusema uongo. Kukadiria ni kukitazama kitu ukiwa mbali. Nikasimama mbali sana. Nikaandika: elfu tisini kwa mwezi. Nilipoisoma tena nilijionea huruma mpaka nikatafuta leso.

Nikageuza. Nikaandika: "Sebule pana, yenye seti kamili ya viti vya velveti." Sebule yangu ina kochi moja, nililitengeneza mwaka niliooa, na springi yake moja imechomoza katikati. Wageni wote wanaijua. Wanaikwepa wenyewe.

Ndipo nikaona maandishi chini kabisa, madogo kama mayai ya chawa. Afisa atatembelea mahali pa kazi na makazi ya mzazi siku ya Ijumaa.

Nikakaa chini kwa mshtuko. Juu ya springi.

Lakini palepale nikiwa bado nasugua nikafunuliwa! Karakana yangu imejaa makochi. Nyumba yangu haina kitu. Makochi yakitoka karakana, karakana inakuwa maskini. Yakiingia nyumbani, nyumba inakuwa tajiri. Mkokoteni mmoja, kurasa mbili zimekamilika! Nimeimba wimbo mzima wa sifa peke yangu, sauti ya nne, mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimehama bila kuhama.

Seti iliyojaza karakana ni ya mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana. Velveti ya rangi ya damu ya mzee, viti saba vya kukalia, vifungo arobaini na vinne, kila kifungo nimekikaza kwa mkono wangu. Anaipokea Jumamosi. Mpaka Jumamosi inapumzika kwangu. Sijaiba. Nimeipa hifadhi.

Mwenye mkokoteni aliitazama, akanitazama, akapandisha bei. Tulifika nyumbani, kochi kubwa likagoma mlangoni. Miaka ishirini na mbili nawaambia wateja wapime mlango kwanza! Nikafungua miguu ya kochi. Likagoma. Nikafungua mlango wenyewe. Likaingia, likakwama katikati, mimi nikiwa ndani na mwenye mkokoteni akiwa nje. Tukazungumza kwa dakika arobaini kupitia kwenye sponji. Ni mtu mwenye busara, ana watoto sita, anaishi na mama yao mmoja. Nilimuuliza siri yake. Akasema hana muda wa kugombana, yeye anasukuma mkokoteni.

Kochi langu la zamani limepelekwa karakana. Limekaa peke yake katikati ya sakafu, springi juu. Ukilitazama kutoka mlangoni machozi yanakulenga. Safi sana.

Majirani wameona velveti ikiingia. Wamekuja kunipa mkono wa pongezi. Eti naoa! Nikakana. Wakakonyezana. Jioni simu ikalia, Mama Mtoto. Akaniuliza kwa upole uleule wake unaochoma kama iliki (ukiitafuna nzima) kama ni kweli naleta mke. Akasema ananitakia heri, ila anaomba kujua kama huyo dada ameshaambiwa kwamba nakoroma, kwamba nalala na kipimo cha futi mfukoni, na kwamba nikisema "kesho" nina maana ya mwezi ujao. Nikasema hakuna mke. Akauliza velveti ya nini sasa. Nikasema ni mambo ya kikazi. Alinyamaza. Ninamjua. Akinyamaza hivyo anaandika mahali.

Alhamisi, 6 Juni

Kikokotoo amekuja karakana. Amesema anapita tu. Nani anapita tu hadi ndani? Akazunguka kochi langu mara mbili, akaibonyeza springi kwa kidole, ikamjibu. Akacheka.

Akaniuliza nimeandika kipato gani. Nikasema hiyo ni siri ya serikali. Akasema ameshaiona, nimeiacha juu ya pipa la gundi. Elfu tisini! Akatoa kimashine. Kodi ya nyumba na karakana, elfu arobaini. Matunzo unayotoa sasa, elfu sitini. Jumla, laki. Akanionyesha kioo. Kwa hiyo shem, kila mwezi kabla hujanywa hata maji, uko elfu kumi chini ya ardhi. Na bado tumbo hilo! Akalipigapiga kama tikiti. Akaniambia umaskini nao una adabu zake, mtu hawi maskini kuliko madeni yake halafu akanenepa. Akaondoka akipiga mluzi.

Afisa akiuliza nimeishi vipi miaka miwili? Nikafikiri kuongeza kipato kidogo, laki moja na nusu hivi. Lakini nimeandika kwa wino.

Nikapiga magoti kati ya misumari. Nikamkumbuka nabii Eliya, alivyoletewa mkate na kunguru, asubuhi na jioni, na hakuna mahali panaposema alijaza fomu. Nikapata amani. Kwenye fomu kuna mstari unaosema "Vyanzo vingine vya kipato". Nikaandika: "Neema."

Ijumaa, 7 Juni

Ee Mungu wangu.

Nianze mwanzo. Afisa alifika saa nane. Mama wa makamo, viatu vya chini, begi la kitambaa, miwani inayoning'inia kwa kamba. Karakana ilienda vizuri mno! Alisimama mlangoni, akatazama sakafu tupu, kochi langu, springi yake, nami nimevaa shati la kupakia vanishi. Akauliza kwa sauti ya msibani kama kazi ni ngumu. Nikashusha pumzi, nikasema tunamtegemea Mungu. Akaandika. Nilitamani kumkumbatia.

Nyumbani pia ilianza vizuri. Aliingia akasimama. Akasema, loh! Akakaa kwenye kiti kikubwa polepole, kama mtu anayeingia maji ya moto. Akapitisha kiganja juu ya velveti. Akaegemea. Nikaona mabega yake yanashuka. Daftari, hapo ndipo nilipojisahau. Huwezi kumwona mtu anaegemea kazi yako namna ile ukabaki na akili timamu.

Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama yeyote, fundi, kiti kama hiki nani anakitengeneza?

Nikasema mimi.

Akasema mikono yangu ina baraka. Akauliza mtu akitaka seti kama hii itamgharimu kiasi gani.

Jibu zuri lilikuwepo. Nililiona likipita. Lakini fundi akiulizwa bei, mdomo unatangulia wenyewe! Nikasema laki nne na nusu, na hiyo ni kwa sababu ni wewe. Nikamweleza springi zangu si za dukani, nazikunja mwenyewe. Nikamfanya aruke kidogo akiwa ameketi ili asikie. Akaruka. Akauliza kama nina wateja wengi. Nikasema wengi! Wanapanga foleni! Akauliza kwa mwezi naweza kutoa seti ngapi. Nikasema mbili bila shida, mwezi mzuri tatu.

Akavaa miwani. Akasema kwa utulivu, tuseme mbili. Mbili mara laki nne na nusu. Akaandika.

Laki tisa. Niliiona ikiandikwa chini juu, kichwa chini miguu juu, na bado nilijua ni tisa.

Nikataka kusema mbao, sponji, kitambaa, gundi, vyote vinatoka humohumo! Kikatoka kikohozi. Na hapo Binti akaingia kutoka shule. Alimsalimia mgeni shikamoo, akavua viatu, akatandika mkeka sakafuni, akalala kifudifudi na kuanza kazi yake ya shule. Viti saba vya velveti vimemzunguka, vitupu. Afisa akamuuliza kwa nini hakai kwenye kiti. Binti akajibu, bila ubaya wowote, kwamba Baba amekataza mtu mwenye kalamu kukaribia viti vya Mwalimu.

Viti vya nani? akauliza Afisa.

Nikatoa wazo la kunywa chai. Hakuna aliyenisikia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepeleka seti kwa mwenyewe. Mwalimu mkuu mstaafu amekaa katika kila kiti, akapima kwa rula mgongo hadi mgongo, akavihesabu vifungo vyote arobaini na vinne kwa sauti. Kisha akasema mto mmoja unanukia kitunguu cha kukaanga. Nikasema labda ni hewa ya njiani. Akasema hajawahi kupita njia inayokaangwa.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa laki nne na nusu. Akasema kwa harufu ile atatoa laki mbili na nusu. Nikasema nne. Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wasichana waliochelewa. Nikasema tatu. Akaendelea. Tukamaliza kwa laki mbili na themanini, na mkokoteni juu yangu, na kigoda cha bure. Nilimwambia Mungu ambariki. Nilikuwa na maana hiyo, lakini si yote.

Binti alikuja nami. Njiani akauliza kwa nini nataja bei moja na kupokea nyingine. Nikamwambia ndiyo biashara. Akauliza Afisa ameandika ipi. Nikamnunulia karanga.

Usiku tumekula wali na maharage, tumekaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, kwa sababu kochi letu bado liko karakana na mimi nimeishiwa na nauli ya mkokoteni. Binti amesema sebule imekuwa kubwa, mtu anaweza kupiga sarakasi. Amepiga. Nami nimejaribu. Nimejipaka dawa ya mgongo.

Jumapili, 9 Juni

Ibada. Mahubiri yalihusu mtu mnyofu. Niliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nimemrudisha Binti kwa mama yake. Mlangoni Mama Mtoto akaniuliza kama nimejiandaa na kesho. Nikasema niko imara. Akasema nimevaa shati ndani nje.

Kikokotoo ameniletea hesabu hadi getini, imechapwa, bure, mara ya kwanza katika historia yake. Kwa kipato cha tisini: nitalipa elfu ishirini na tisa. Kwa kipato cha laki tisa: elfu tisini. Chini ameandika, "Pole shem." Tisini kwa mwezi! Hapo ndipo nitauza nyundo nibaki na msumari. Na mtu anayedaiwa asizoweza kulipa, atapewaje usiku wa tatu? Atanyang'anywa hata hizi mbili. Sina hamu ya kula.

Nimeamua. Kesho nitasema ukweli. Au nusu ya ukweli. Laki na nusu, kwa mfano, ni nusu ya ukweli kwa hesabu kamili. Ee Bwana, nipe ujasiri wa kuchagua nusu iliyo njema.

Jumatatu, 10 Juni

Saa nne kamili nilikuwa pale. Saa nne na dakika sita, lakini nilikimbia.

Chumba kidogo, feni inayozunguka kwa kusitasita, meza ya mbao laini iliyopigwa randa na mtu asiye na haraka wala kipaji. Upande ule Mama Mtoto na Kikokotoo na kimashine. Upande huu mimi. Binti kwenye benchi koridoni, miguu inaning'inia.

Afisa akafungua faili. Akasema ana tatizo dogo: huyu baba ni watu wawili. Wa kwanza anapata elfu tisini na anaishi kwa neema. Wa pili anapata laki tisa na anakalia velveti. Angependa kujua ni yupi kati yao amekuja leo. Kikokotoo akacheka hadi kimashine kikaanguka.

Nikasimama. Nikaanza na nabii Eliya. Afisa akaniomba nikae.

Ndipo Mama Mtoto akafungua mkoba wake, akatoa daftari la shule, jalada la bluu, limekunjika pembe. Akaliweka mezani. Akasema aliishi na mwanaume huyu miaka kumi, na kila kochi alilotengeneza limo humo. Bei aliyotaja. Bei aliyopokea. Mbao, sponji, kitambaa. Nani alimlipa na nani alimpa pole. Sikujua! Miaka kumi nilidhani anaandika mapishi!

Akasoma, bila kupandisha sauti. Mwanaume huyu akitaja laki nne na nusu mjue atapokea mbili na themanini, na atabeba hadi kwa mteja kwa gharama yake, na atashukuru. Seti mbili kwa mwezi, laki tano na sitini. Vifaa, laki moja na thelathini kila seti. Ondoeni. Zinabaki laki tatu. Akafunga daftari.

Kikokotoo akamkanyaga mguu chini ya meza, niliona. Akamnong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika mtaa wa pili, kwamba dada una wazimu, tisini zilikuwa mezani! Mama Mtoto akamwambia, nyamaza, kaka. Akasema tisini za mdomoni hazinunui sare ya shule. Ataahidiwa tisini, ataletewa hamsini na hadithi. Yeye anataka namba ambayo itafika mlangoni kwa miguu yake.

Sijui kama nimetukanwa au nimeokolewa. Nilimwambia ahsante. Akasema nigeuze shati. Nilikuwa nimelivaa vizuri! Nilishika kola kuhakikisha. Akatabasamu kidogo, upande mmoja.

Afisa akaupiga mstari mwekundu ukurasa wangu wa kwanza. Akaandika laki tatu, akaniambia nitie sahihi pembeni. "Neema" hakuikata. Kipato cha mama laki mbili, cha baba laki tatu, mahitaji laki na ishirini. Sehemu yangu elfu sabini na mbili. Toa usiku mbili, sitini na nne.

Kisha habari ya usiku wa tatu. Alimwita Binti peke yake, akamuuliza kwa baba anaonaje. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sikusikiliza, nilikuwa nimesimama tu mahali ambapo sauti inapita. Nilitarajia ataje ile sebule. Hata neno moja kuhusu velveti! Alisema Jumapili asubuhi Baba humpigia pasi gauni lake la ibada huku anaimba sauti ya nne, vibaya sana, na akikosea anarudia ubeti mzima, na yeye hucheka hadi anafika kanisani hana usingizi tena. Alisema Ijumaa asubuhi wana jaribio la hesabu kila wiki, kwa hiyo angependa na Alhamisi alale kule.

Vibaya sana?! Miaka kumi na minne kwenye kwaya!

Mama Mtoto aliulizwa kama anakubali. Alitazama dirishani. Akasema Alhamisi yeye ana zamu ya jioni zahanati, na mtoto akicheka kabla ya jaribio hakuna ubaya. Akakubali.

Usiku tatu. Sabini na mbili toa kumi na mbili. Kikokotoo akabonyeza, akabonyeza tena, akakitikisa kimashine. Elfu sitini. Ileile! Pesa niliyokuwa nikilipa siku zote!

Nikitoka, Afisa aliniita. Akanong'ona kwamba Ijumaa hakunitega, ile seti aliitaka kwelikweli, sebule yake haina viti vya maana. Kwa laki nne na nusu akaona ni kwa watu wazito, tayari ameshaweka oda kwa fundi mwingine.

Jumapili, 16 Juni

Alhamisi ya kwanza imepita. Nilipiga pasi, niliimba. Binti alipata kumi na tisa juu ya ishirini. Nimeibandika karatasi karakana, mahali pa orodha ya bei.

Leo baada ya ibada tumekaa mimi na yeye, nikamweleza ushindi wangu. Nikamwambia aone baba yake alivyo na kichwa: usiku mmoja wa nyongeza, elfu nne zimebaki mfukoni kila mwezi, raha mustarehe. Akaomba penseli. Akaniuliza Alhamisi tulinunua nini. Mayai manne. Maziwa. Mkate mzima, maana nilimsaidia. Rangi za kuchorea, kwa sababu alipita dukani akazitazama kwa namna fulani. Mkaa wa pasi. Akajumlisha: elfu tatu na mia tano. Mara nne kwa mwezi, elfu kumi na nne. Baba, akasema, unapunguziwa nne, unatumia kumi na nne. Ukilala peke yako unapata faida.

Nikamwambia bado ni mtoto.

Kwa kweli hesabu ile imenifungua macho. Kama usiku wa tatu umenipunguzia elfu nne, basi wa nne utanipunguzia nyingine nne! Kwa nini sikuwaza mapema? Jumatano ingefaa. Barua nimeshaiandika, kwa wino. "Sababu ya ombi: kubana matumizi." Bila shaka Afisa atataka kuona chumba cha mtoto. Nako Mungu ameshatangulia: kuna mteja ameagiza kitanda cha watoto, mvule mtupu, kina droo sita. Vanishi yake lazima ikauke wiki nzima mahali penye hewa. Chumba cha Binti kina hewa nzuri sana.

Amesoma barua mpaka mwisho. Amecheka hadi akateleza kwenye ndoo. Akauliza kama najua kwamba hiyo ni hasara nyingine ya elfu kumi. Nimemwambia, kwa upole wa mzazi, kwamba hasara ndogondogo ukizijumlisha za kutosha mwishowe zinageuka faida. Shuleni hawajafika huko.